Tanga na Kisiwa Chake: Mji Ulioletwa na Milima

Ndugu msikilizaji, hivi karibuni nilikuwa Mponde, juu kabisa milimani Usambara, katika eneo la Bumbuli. Nilipanda kule na kinasa sauti changu kutafuta habari za chai. Lakini jambo nililoteremka nalo halikuwa la chai. Lilikuwa swali.

Nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye kibaraza cha duka, amejifunika koti zito kwa sababu ya ukungu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akakitazama kinasa sauti.

"Mwanangu, wewe ni mtu wa redio?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi niambie. Tanga bado ipo?"

Vijana waliokuwa karibu walicheka sana. Mzee hakucheka. Akanieleza kwamba ujanani alikuwa utingo wa lori lililobeba kabichi, viazi na matunda kupeleka soko la Tanga. Mara yake ya mwisho kuuona mji huo, alisema, ilikuwa mwaka ule Coastal Union walipochukua ubingwa wa nchi. Mwaka huo, msikilizaji, ni 1988.

"Siku hizi," akaendelea, "gari likitoka huku na likifika Segera, linakata kulia kwenda Dar es Salaam. Wa kukata kushoto simwoni. Ndiyo maana nauliza, bado ipo?"

Nilimjibu kwamba ipo, tena inakua. Lakini nilipokuwa natelemka kupitia Soni kwenda Mombo, nikiwa nimebanwa dirishani na magunia miguuni, nilihisi kwamba jibu langu lilikuwa jepesi mno. Kwa hiyo wiki hii nataka tuzungumze habari za mji wa Tanga na kisiwa kilicho mbele yake, kwa kuwa vitu hivyo viwili, ukivitazama pamoja, vinaweza kumjibu mzee wangu vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu mimi.

Wasioufahamu Tanga na waje tuutazame. Mji umekaa kwenye ghuba iliyotulia, ambayo maji yake yamekingwa na bahari kuu kwa rasi na visiwa. Upande wa mashariki iko Raskazoni, na karibu nayo hospitali ya Bombo iliyo juu ya mwamba ukitazama bahari. Kando ya maji ndiko iliko bandari pamoja na majengo ya kale ya serikali. Nyuma yake inapita reli, na ukivuka reli unaingia Ngamiani, kule ambako barabara hazina majina ya wakubwa bali namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, hadi zaidi ya ishirini. Huko ndiko walikokaa wachukuzi, mafundi, wauza samaki, na waimbaji wa taarabu waliolipa jina kundi la Black Star. Kutoka hapo mji umeenea Chumbageni, Makorora, Mabawa, Duga na kwingineko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika Jiji la Tanga watu 393,429.

Sasa simama bandarini utazame majini. Mbele yako kabisa, karibu kiasi kwamba unaweza kuona mti mmoja mmoja, kuna kisiwa kidogo cha duara kilichozungukwa na mikoko. Hicho ndicho Toten. Jina hilo ni la Kijerumani na maana yake ni wafu, yaani Kisiwa cha Wafu. Viko visiwa vingine karibu na hapo, kama Ulenge chenye mnara wa taa na Yambe upande wa kusini, na mbali zaidi baharini kiko Pemba chenyewe. Lakini Toten ndicho kisiwa cha Tanga hasa. Kimekaa mbele ya mji kama kioo mbele ya mtu anayenyoa ndevu.

Na kioo hicho kinaonyesha nini? Ndani ya msitu wa kisiwa kuna magofu ya msikiti wa zamani, kuna makaburi, na wataalamu wa mambo ya kale wameokota vigae vya vyungu vinavyoonyesha kwamba watu waliishi hapo karne nyingi zilizopita. Kwa maneno mengine, hapa palikuwa pamoja na wakazi, adhana, wavuvi na watoto. Hadi karne ya 19 bado palikuwa na wakazi. Leo hakuna anayelala kule. Mji uko ng'ambo, na mahali pa kale pamebaki pori.

Watu waliokaa visiwani zamani walikuwa na sababu. Kisiwa ni boma lisilohitaji ukuta, kwani adui wa bara lazima apate chombo ndipo akufikie. Lakini kisiwa kinachomzuia adui kinauzuia mzigo pia. Na katika karne ya 19, mzigo ndio ulioanza kutawala pwani yetu. Pembe za ndovu zilitakiwa Unguja, na kutoka huko zilikwenda Bombay, London na Marekani. Misafara ikateremka kutoka bara kufuata Bonde la Pangani na njia nyingine. Ndugu msikilizaji, msafara hauishii kisiwani. Unaishia pale ambapo miguu inakoma. Ndipo mji wa bara ukakua, na kisiwa kikaanza kusahauliwa. Mzungu Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliukadiria mji wa Tanga kuwa na watu elfu nne au tano.

Hapa ndipo milima inapoingia katika hadithi yetu. Wengi tumefundishwa kwamba pwani ilitawaliwa na Sultani wa Unguja, basi. Si uongo, lakini ni nusu ya ukweli. Juu Usambara, katika mji wa Vugha, alitawala Kimweri ye Nyumbai wa ukoo wa Wakilindi, hadi alipofariki mwaka 1862. Mmishenari Krapf aliyefika kwake mwaka 1848, na tena mwaka 1852, alikuta utawala ambao mkono wake ulifika hadi baharini. Wakubwa wa miji ya pwani walitakiwa wakubalike kwa Sultani kule Unguja, na wakubalike pia kwa Kimweri kule mlimani. Kwa hiyo Tanga ulikuwa na milango miwili, mmoja ukiangalia bahari na mwingine ukiangalia milima, na kila mlango ulikuwa na mwenyewe.

Lakini tusijidanganye kwamba mambo yote yaliyoteremka kutoka milimani yalikuwa ya heri. Kimweri alipokufa, ukoo wake uligawanyika wakapigana. Mwanawe Semboja alijiweka Mazinde, chini ya mlima, kwenye njia ya misafara, akapata bunduki kutoka pwani. Na bunduki zililipwaje? Zililipwa kwa pembe, na zililipwa kwa watu. Wasambaa walitekwa, wakateremshwa njia ile ile na kuuzwa. Barabara hiyo ninayoizungumzia leo kwa mapenzi ina machozi ndani yake. Tukitaka kujua mji ulijengwa na nini, lazima tutaje na hayo.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1888 watu wa pwani walinyanyuka wakiongozwa na Abushiri kule Pangani, na Tanga nao ukapigwa mizinga kutoka baharini. Mwaka uliofuata Wajerumani waliushika mji kwa nguvu. Walifahamu upesi sana siri ambayo Kimweri aliijua kabla yao, kwamba bandari bila bara ni gati la kuvulia samaki. Mwaka 1893 wakaanza pale Tanga kujenga reli, ya kwanza katika Tanzania Bara. Reli hiyo ilikwenda kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911.

Mwaka huo huo wa 1893 uliingia mgeni mwingine ambaye hakuhitaji reli ya abiria. Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliondoka miche elfu moja, ikapita Hamburg, na ilipofika Tanga iliyobaki hai ilikuwa 62 tu. Miche hiyo 62 ikapandwa karibu na Pangani, ikazaa mashamba yaliyofunika mabonde yote kutoka baharini hadi chini ya Usambara.

Mashamba yanataka watu, na watu walikuwa na mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo tunaiita Lushoto, kikatolewa kipande. Kila mwanamume alipewa kadi, akatakiwa afanye kazi ya Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Kazi ililipwa ujira, lakini hiari haikuwapo. Mababu wa huko kwa mzee wangu wa Mponde walishuka mlima wakiwa na kipande mfukoni. Baadaye wakaja manamba kutoka mbali zaidi, kusini mwa nchi hii na hata Burundi na Rwanda. Tanga ukanenepa. Shule ya serikali ikafunguliwa mwaka 1892, majumba ya mawe yakasimama, meli zikapanga foleni ghubani. Lakini mgongo uliobeba unene huo ulikuwa bara.

Novemba 1914 mji uliokolewa, au tuseme ulibaki kwa Wajerumani, kwa sababu hiyo hiyo. Waingereza walileta meli na askari wapatao elfu nane, wengi wao kutoka India, wakateremka Raskazoni. Waliokuwa wakiulinda mji walikuwa takribani elfu moja, na wengi wa hao askari wa Kiafrika waliletwa upesi kwa treni kutoka upande wa Moshi. Waingereza walishindwa, wakarudi melini tarehe 5. Watu wa Tanga hupenda kusimulia habari za nyuki waliochokozwa na risasi wakawashambulia askari, na nyuki hao walikuwapo kweli. Lakini, ndugu msikilizaji, nyuki hawakuja peke yao. Kilichokuja ni treni. Reli iliyojengwa kwa mizigo ilileta bunduki kwa wakati.

Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916, na katika vita hiyo hiyo wakajenga reli nyingine kutoka Voi, Kenya, kuja kuungana na reli ya Tanga karibu na Moshi. Vita ilikwisha, reli ikabaki. Na toka hapo sehemu ya kahawa ya Kilimanjaro ikaanza kwenda baharini kwa njia ya Mombasa. Hapakupigwa mzinga hata mmoja safari hii, lakini nadhani Tanga uliumia kuliko mwaka 1914. Mji unaweza kushambuliwa kutoka baharini ukapona. Ukikatwa kutoka bara, jeraha lake halionekani, na kwa hiyo halifungwi.

Hata hivyo mkonge ulitosha. Katika miaka ya mwanzo ya 1960 nchi yetu ilikuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ilitoka mkoa wa Tanga. Sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji huo na watu wapatao elfu 61. Ulikuwa wa pili Tanzania Bara baada ya Dar es Salaam, na Mwanza ulikuwa na karibu nusu yake tu. Vijana wa leo wakisikia hayo hudhani ni porojo za wazee wa Ngamiani.

Kisha ikaja kamba ya nailoni na ndugu zake wa plastiki. Bei ya mkonge ikaporomoka. Mashamba yaliyotaifishwa yakakosa mitaji na uangalizi. Serikali ilijenga viwanda Tanga ili mji usimame kwa mguu mwingine: mbolea, chuma, saruji. Kiwanda cha mbolea, kilichoanza mwaka 1972, kilifungwa mwaka 1991. Treni zikapungua mpaka nyasi zikaota katikati ya reli. Mboga za Lushoto nazo zikafuata fedha ziliko, Kariakoo. Ndipo dereva wa lori alipofika Segera akawa anakata kulia bila hata kufikiri.

Na huko juu Mponde? Chai ya nchi hii kwa miaka mingi imeuzwa katika mnada wa Mombasa, na mnada wetu wenyewe wa Dar es Salaam ulianza mwaka 2023. Maana yake ni kwamba jani lililochumwa mkoani Tanga lilitafuta bei yake katika miji mingine. Kiwanda cha Mponde, kilichotegemewa na wakulima wadogo wa vilima vile, kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro. Serikali ilikitwaa mwaka 2016, na baadaye kikakabidhiwa mifuko ya hifadhi ya jamii ili kifufuliwe. Nimeongea na akina mama walioniambia jinsi chai ilivyokua katika miaka ile ya kufungwa mpaka ikawa miti, wakawa wanaitazama tu, kwa kuwa jani la chai haliliwi na halisubiri. Lisipofika kiwandani siku ile ile linaharibika. Kwa mkulima wa chai, umbali na kuchelewa ni njaa.

Nayasema haya kwa sababu Tanga sasa unaamka, na mji unapoamka ndipo wakati wa kuukumbusha. Mwaka 2019 treni za mizigo zilirudi kati ya Tanga na Moshi. Bandari ambayo kwa zaidi ya miaka mia moja meli kubwa zilisimama mbali, mizigo ikaletwa gatini kwa matishari, imechimbwa kutoka kina cha mita 3 hadi mita 13, na gati zenye urefu wa mita 450 zimejengwa, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 400. Na kule Chongoleani, kaskazini mwa mji, Marais wa Tanzania na Uganda waliweka jiwe la msingi mwezi Agosti 2017 la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, lenye urefu wa kilomita 1,443.

Haya ni mambo makubwa na mimi si katika wanaoyabeza. Lakini bomba, ndugu msikilizaji, ni msafara usio na wachukuzi. Linapita chini ya ardhi, halisimami Korogwe kununua machungwa, halimpi lifti mtu wa Mombo. Mafuta yataingia upande mmoja wa bomba na kutoka upande wa pili kuingia melini, na mtu wa Mponde hatajua yalipita saa ngapi. Mji unaweza kutajirika hivyo. Lakini mji unaotajirika bila jirani zake kujua unaanza kufanana na kisiwa.

Ndiyo maana nawaomba wakubwa wa Tanga, na wafanyabiashara, siku moja wasimame bandarini wasitazame meli, watazame Toten. Pale palikuwa na watu waliosali, wakaoana, wakazikana. Sioni dalili kwamba bahari iliwaacha. Bahari ingali pale pale, na mawimbi yanapiga mikoko kama zamani. Waliondoka kwa sababu maisha yalihamia mahali ambapo njia za bara zinaishia.

Mji wa Tanga una ushahidi wa asili yake hata katika mpira. Coastal Union ina jina la Kiingereza lenye maana ya pwani, lakini mashabiki huiita Wagosi wa Kaya, yaani wanaume wa nyumbani, kwa lugha za Wasambaa na Wabondei. Timu ya pwani inaitwa kwa lugha ya milimani, na hakuna anayeona ajabu. Watu wa kawaida walikwishajua zamani kwamba pwani na mlima ni kaya moja. Iliyosahau ni mipango.

Kipi kifanyike? Mimi si mhandisi. Najua tu kwamba gati jipya la mita 450 litamfaa mzee wangu siku barabara ya kutoka mashambani Bumbuli itakapopitika masika yote, siku kutakapokuwa na chumba cha baridi cha kuhifadhi mboga Tanga kama kilivyo cha samaki, na siku chai ya Mponde itakapoona faida ya kutokea kwenye bandari ya mkoa wake. Hayo ni mambo madogo ukiyalinganisha na bomba. Lakini miche 62 nayo ilikuwa midogo.

Kwa hiyo mzee wangu wa Mponde, kama betri za redio yako bado zina nguvu jioni hii, naomba unisamehe kwa jibu lile la haraka. Uliniuliza kama Tanga bado ipo. Ipo, mzee. Majumba yapo, ghuba ipo, Barabara ya Kumi na Mbili ipo, na watu ni mara sita ya wale wa mwaka 1967. Lakini swali lako litajibiwa vizuri Segera, na madereva wa malori. Siku wawili watatu wakianza tena kukata kushoto, nitapanda mlima mwenyewe nikuletee habari hiyo.